Siku ya Kwanza Katika Chumba cha Magongo

Nimestaafu mwezi wa tatu sasa, na vijana wa idara yetu wamenijia nyumbani mara mbili na daftari jipya, wakitaka niwaandikie mambo ya zamani. Mara ya kwanza niliwapa chai na mahamri wakasahau walilojia. Mara ya pili walikuja wameshiba. Basi naandika. Nitayaandika yale niliyojifunza kwa kukosea, kwa sababu niliyoyafanya vizuri yamo kwenye faili za serikali pamoja na vyeo na mishahara, na anayeyataka akayatafute huko, akipata mtu wa kumfungulia kabati.

Mliniuliza hasa jambo moja: mtu anayekuja kuzungumza nasi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aambiwe nini? Siku hizi mna maneno, ushauri nasaha, tiba ya mazungumzo, na karatasi iliyobandikwa mlangoni yenye saa za kazi. Mimi nilipoanza, kazi yenyewe haikuwa na jina. Daktari alikuwa akiandika kwenye kadi, "Aende akazungumze na Sista," na mgonjwa alifika kwangu na uso wa mtu aliyeitwa kwa chifu.

Wengi mnanijua kwa jina la Sista Roda. Wazazi wangu ni Wakamba waliopewa shamba la makazi kule Shimba Hills. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu mganga hakutajwa hata kwa kulaaniwa. Nilikuwa na Kiswahili cha kuchekesha watu. Hiki mnachokisoma nimekiokota Msambweni neno moja moja, kwa watu waliokuwa na subira nami, na kwa wengine waliokuwa hawana.

Nilisomea uuguzi Nairobi, na mwaka wangu wa mwisho nikauguza katika wodi za wagonjwa wa akili. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alitufundisha jambo moja ambalo nililishika kama amri kumi zote kwa pamoja. "Nyamaza," alikuwa akisema. "Mgonjwa ndiye anayeanza. Ukianza wewe, utamlisha maneno yako." Nilimpenda sana mama yule. Nilirudi pwani mwaka wa pili baada ya Uhuru nikiwa na cheti, viatu vipya vyeupe na neno hilo moja.

Hospitali ilikuwa bado inajizoeza Uhuru. Bendera ilikuwa mpya, lakini fomu zilikuwa zile zile zenye taji la malkia juu, na karani alikuwa akilipiga mstari kwa kalamu nyekundu, moja baada ya nyingine, kwa heshima kubwa. Daktari alikuwa kijana, amechoka, na alifurahi kupata mtu wa kumpelekea watu asiowakuta na ugonjwa. Akanipa siku ya Jumanne na chumba kilichokuwa stoo ya magongo ya kutembelea. Magongo yaliondolewa, jina likabaki. Hadi nilipohamia jengo jipya, watu walikuwa wakisema, "Fulani anakwenda chumba cha magongo," na mgeni akidhani fulani amevunjika mguu. Lilikuwa jina zuri. Liliwasitiri wengi.

Ukuta wa mbao wa chumba kile haukufika kwenye dari, na upande wa pili palikuwa na karo la kuoshea chupa za dawa. Hapo ndipo alipokuwa Bi Riziki, mhudumu wa miaka mingi, mwanamke wa Kidigo mwembamba, mtafuna tambuu, aliyekuwa akivitazama viatu vyangu kila asubuhi kama vile anavidai maelezo. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Sista, humu mtu akipiga chafya kule anaambiwa afya. Wewe ukiingia na mtu wako, mie nitaosha chupa." Na kweli, kila nilipofunga mlango, upande wa pili chupa zilianza kugongana kama harusi. Sijui ni chupa ngapi alizivunja kwa ajili ya siri za watu.

Mgonjwa wangu wa kwanza kabisa alikuwa mzee wa Kiduruma kutoka bara ya Kwale, kule kukavu, ambaye hakuwa akilala tangu ng'ombe wake walipokufa kwa kiangazi. Aliingia, akakunja mkono wa kanzu, akanyoosha mkono. Nikamwambia hakuna sindano. Akageuka, akaanza kupandisha kanzu apigwe kwengineko. Nikamwambia huko nako hakuna. Alinitazama kwa huruma. "Serikali mpya hii ina siku chache tu," akasema, "na sindano zimekwisha." Akaenda zake. Alirudi wiki mbili baadaye, lakini hiyo ni hadithi nyingine, na ilikuwa na majina ya ng'ombe kumi na wanne.

Huyo nilimcheka kidogo. Aliyenifunza kazi sikumcheka.

Aliitwa Mwanaidi, wa Mkwiro, na sidhani alikuwa ametimiza miaka ishirini. Aliletwa na mavyaa yake, yaani mama wa mumewe, Bi Nuru, mwanamke mkubwa wa sauti na mwili, aliyembeba mtoto mchanga kifuani kwa leso. Mtoto alikuwa msichana wa miezi mitatu, Halima. Mume alikuwa mpishi Diani na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Bi Nuru alinieleza yote hayo barazani, mbele ya watu, kabla sijamaliza kusema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Huyu tangu arobaini yake ya uzazi haijatoka, halali, hali, na mtoto hamshiki. Kumnyonyesha, mpaka mie nimshikie mtoto pale kifuani, na yeye mikono kaiweka nyuma, kama aliyefungwa. Daktari kamtazama, damu kaitazama, asema hana kitu. Hana kitu vipi?"

Kisha akashusha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Mwezi wa Ramadhani ukiandama, mtoto anakwenda Majoreni. Binti yangu yuko kule, hajajaaliwa, na yuko tayari kumlea. Mie ni mtu mzima, Sista. Siwezi kufunga na kulea mtoto ambaye mamake yu hai na hamtaki."

Tulikuwa mwanzo wa Shaabani. Zilibaki Jumanne nne kabla ya Ramadhani. Walikuwa wamefikia kwa jamaa yao pale pale Msambweni ili waweze kuja kila wiki, na Bi Nuru alitaka nijue kwamba jamaa huyo hakuwa na nafasi.

Nilimwingiza Mwanaidi peke yake. Nilikuwa na viti viwili vya mbao, nimeviweka vikitazamana kama nilivyofundishwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, buibui limemfunika mpaka nyusi, mikono ameificha ndani. Nikamkaribisha, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikanyamaza, kwa sababu mgonjwa ndiye anayeanza.

Mwanaidi naye akanyamaza.

Sijui kama mmewahi kukaa saa nzima na mtu ambaye hasemi, huku nyuma ya ukuta chupa zinagongana. Mara mbili aliinua macho akanitazama moja kwa moja, kwa nguvu, halafu akayashusha haraka. Nilidhani ananichukia. Saa ilipokwisha nikamwambia tutaonana Jumanne, akainuka na kuondoka. Kwenye kadi yake niliandika kwamba mgonjwa haonyeshi ushirikiano. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Jumanne ya pili ilikuwa vivyo hivyo, ila nilikuwa na jasho zaidi. Nilisubiri. Akasubiri. Alipotoka nilisikia sauti ya Bi Nuru barazani, ikimwambia mwanamke mwingine wa benchi, "Huyu Sista hajui kitu. Siku ya pili hii, hajamwambia hata moja!"

Nikarudi ndani nikakaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitaka kulia, na sababu kubwa ilikuwa kiburi. Bi Riziki akaingia bila hodi, mikono inachuruzika maji.

"Sista, hebu nikuulize. Mwanetu yule mwafanya naye nini humu?"

"Namngoja aseme."

"Aseme nini?"

"Kinachomsumbua."

Bi Riziki alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona uso wangu, akaacha, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kisimani. Kwao, mtu akiwa na shida isiyojulikana hupelekwa kwa mganga kupigiwa mburuga, ndiyo ramli ya Kidigo. Huko mwenye shida hasemi. Akisema, amekwenda kufanya nini? Mganga ndiye anayetafuta, anataja hili, anataja lile, ni tumbo, ni kichwa, ni mambo ya nyumbani, ni mtu aliyekufa, na akigusa penyewe ndipo mgonjwa anaitikia. Mganga anayemwuliza mgonjwa una nini ni mganga wa bure.

"Sasa yule angoja umwambie, na wewe wangoja akwambie," akasema. "Wiki mbili mwapimana kama majogoo."

Nilimwuliza mbona hakuniambia siku ya kwanza. Akasema hakujua kama sijui. Watu wote wanajua.

Hapo nataka mjue nilivyojisikia. Nilikuwa nimelelewa saa moja kutoka pale kwa basi, na nilikuwa nimebeba desturi ya chumba cha Nairobi nikaitua Msambweni bila hata kuifungua nione kama inaingia. Yule mama wa Kizungu hakukosea. Alikuwa akifundisha kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua kwamba amekuja kusema. Niliichana ile kadi ya mgonjwa asiye na ushirikiano, na nikaandika nyingine ambayo sikumwonyesha daktari.

Bi Riziki alinipa pia chombo cha kazi, na hadi leo ndicho chombo bora nilichowahi kukitumia. Alitoa viti nje, akatandika mkeka, na Jumanne iliyofuata akaniletea fungu la miyaa, majani makavu yaliyochanwa tayari, ya kusukia ukili, zile tepe za kushonea mikeka. "Mwanamke ukimkalisha mikono mitupu mbele ya mtu aliyesoma," akasema, "ataona yuko mahakamani. Mpe kazi. Na wewe usimkodolee. Suka."

Sikujua kusuka. Bora zaidi, akasema, atapata la kukucheka.

Jumanne ya tatu, basi, Mwanaidi alikuta mkeka. Nilimwachia nafasi ya kukaa ubavuni pangu, sote tukitazama mlango. Nikaanza kusuka, vibaya sana. Halafu nikasema maneno ambayo nimeyasema tangu siku hiyo kwa kila mtu wa mara ya kwanza, na ambayo ndiyo jibu la swali lenu.

"Mwanaidi, nimekukosea wiki mbili. Sikukueleza humu kunafanywa nini. Hapa hakuna sindano na hakuna dawa. Mimi sipigi mburuga, na kusoma kote nilikosoma sikufundishwa kumwona mtu ndani. Lililo moyoni mwako silijui. Unalijua wewe tu. Ukitaka kulisema utalisema, leo au siku nyingine, kipande kwa kipande. Ukitaka kulia, utalia. Huenda ukatoka hapa umechoka kuliko ulivyoingia, na hiyo haina maana kwamba umeharibika. Na utakalosema halitoki mlangoni. Ila nikiona kuna mtu yuko hatarini, hapo nitataka asaidiwe, na nitakwambia wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote."

Mikono yake ilikuwa imetoka kwenye buibui. Aligeuka akanitazama.

"Hujui?" akauliza. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake.

"Sijui."

"Wallahi hujui?"

"Wallahi," nikasema, mimi binti wa mzee wa kanisa.

Akakaa vizuri kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeambiwa kesi yake imefutwa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hata Bi Riziki alikuwa amepata nusu tu. Ni kweli Mwanaidi alikuwa akingoja nilitaje. Lakini hakuwa akinipima. Wiki mbili alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti kile akiamini kwamba naliona lililo ndani yake, kwamba nimelikawiza tu, na kwamba wakati wowote nitafungua mlango nikalitangaza mbele ya mavyaa yake. Kimya changu nilichokionea fahari kilikuwa kikimtesa.

Aliuchukua ukili mkononi mwangu, akaufumua nilipokosea, akaanza kusuka upya. Akasimulia huku akisuka. Sikumtazama.

Arobaini ilikuwa karibu kutoka. Mtoto alikuwa akilia mchana kutwa, Bi Nuru amekwenda mazishini, na yeye hakuwa amelala siku ambazo hata hakuzijua idadi. Alitoka na mtoto mpaka mchangani, akamlaza juu ya leso, karibu na maji, na maji yalikuwa yanajaa. Akageuka akarudi nyumbani. Hakuwa na hasira, alisema. Hakuwa na kitu. Akafika jikoni, akawasha moto, akabandika chungu. Ndipo maziwa yakamtoka yenyewe, yakamlowesha nguo kifuani, na hapo akajua alichokifanya.

"Nikarudi. Maji yalikuwa yashafika kwenye leso. Upande mmoja ilikuwa imeroa. Yeye alikuwa amenyamaza, ananitazama."

Aliacha kusuka.

"Tangu siku hiyo simshiki," akasema. "Mikono hii ndiyo ilimweka pale. Mimi siiamini. Bora ashikwe na mwingine."

Watu wa mjini mnasoma vitabu, na mtaniambia ugonjwa huo una jina. Unalo, na nililijua hata siku ile. Lakini jina halikunisaidia wakati nimekaa kwenye mkeka nikielewa kwamba msichana huyu, ambaye jamaa zake wote waliona hampendi mwanawe, alikuwa amejifunga mikono mwenyewe kwa mapenzi. Nililia. Mwalimu wangu wa Nairobi asingeruhusu. Nilijifuta kwa mkono wa gauni la kazi, na Mwanaidi akajifanya hakuona, kwa adabu yake.

Kisha nikamwuliza lililolazimika kuulizwa, na nyinyi msiogope kuliuliza kwa maneno wazi: je, wazo lile linakuja tena? Akasema halijaja tena, kinachokuja ni ile leso iliyoroa. Nikamwomba kwa sasa asibaki peke yake na mtoto, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupewa mwenzake. Nikamwahidi nitazungumza na daktari ampe kitu cha kumsaidia usingizi. Akakubali yote. Alipotoka uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefukuliwa kaburini.

Bi Nuru alinijia juu. Kwa mara ya kwanza akaniita wewe bila Sista. "Wewe, umemfanya nini? Kaja anatembea, atoka ameshikilia ukuta! Hatuji tena hapa."

Siri ile haikuwa yangu. Nilimwambia tu, "Mama, mlete Jumanne." Akaondoka bila kuaga, na mtu wa pwani asiyeaga anataka ujue kwamba hakuaga.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilimweleza daktari kuhusu usingizi, na yeye akaandika dawa bila kuuliza zaidi, Mungu ambariki. Kila siku nilijiuliza kama nimetenda haki kwa yule mtoto kwa kunyamaza, na kama nimetenda haki kwa mama kwa kumfungua jeraha halafu nisijue kama nitamwona tena. Hilo nalo ni la kutarajiwa, na halimo kwenye karatasi yenu ya mlangoni: na sisi pia tunatoka humo tumechoka kuliko tulivyoingia.

Jumanne ya nne saa yao ilipita. Mwezi ulikuwa ukitazamiwa kuandama siku mbili tatu zile. Nilikuwa nakunja mkeka niliposikia hodi ya Bi Nuru, ambayo haikuwa ya kuomba ruhusa. Aliingia na mtoto kifuani, Mwanaidi nyuma yake.

"Leo na mie nakaa," akasema, na akakaa. "Siku tano mfululizo analala usiku, sikatai. Amekula. Lakini mtoto bado hamgusi, na binti yangu ameshafika kutoka Majoreni, yuko pale tulikofikia na mkoba, angoja mtoto. Nataka kujua kabla sijamtoa mjukuu wangu. Huyu ana nini?"

"Mama, hilo si langu kulisema."

"Wewe unalijua?"

"Ninalijua."

"Na huniambii mie, mamake mumewe?"

"Sikuambii, mama. Unisamehe."

Upande wa pili chupa ziligongana kwa nguvu zaidi. Bi Nuru alifungua kinywa, na nadhani nilikuwa karibu kusikia habari za Wakamba wote na mababu zao, lakini Mwanaidi akasema, "Mama, nitakwambia mwenyewe."

Nilitaka kumzuia. Nakiri. Tulikuwa hatujazungumza kwamba atamwambia mtu, na kama kuna sikio nililoliogopa duniani siku ile lilikuwa la mwanamke yule. Nilihesabu yote yatakayofuata: mtoto Majoreni, talaka kutoka Diani, habari kuzagaa Mkwiro nzima kabla ya jua la adhuhuri. Lakini nilikuwa nimemwambia kwamba analijua yeye tu. Basi lilikuwa lake kulitoa pia. Nikashika ukili wangu nikasuka.

Mwanaidi akamwambia. Hakupunguza kitu. Mchanga, leso, maji, jiko, chungu. Nilimwona Bi Nuru akimkumbatia mtoto zaidi na zaidi, mpaka Halima akaguna. Mwanaidi alipomaliza, Bi Nuru akainuka akaenda mlangoni na mtoto, akasimama pale ametupa mgongo. Nikajua nimeshindwa.

"Ulirudi," akasema, akiutazama mlango.

"Nilirudi, mama."

"Mbio, ama polepole?"

"Mbio."

"Ulivaa viatu?"

"Sikuvaa. Buibui lilinivuka njiani, sikuliokota. Nilipita mbele za watu kichwa wazi."

Bi Nuru aligeuka. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyashughulikia. Akarudi mkekani, akapiga magoti kwa taabu ya mwili ule mkubwa, akamtoa mtoto kwenye leso, akamweka mapajani mwa Mwanaidi. Mwanaidi akarudisha mikono nyuma. Bi Nuru hakumlazimisha. Aliacha mikono yake mwenyewe chini ya mtoto, akangoja. Tulikaa hivyo muda mrefu, sote watatu na mtoto, mpaka mkono mmoja wa Mwanaidi ulipokuja polepole ukakaa juu ya mkono wa mavyaa yake, halafu wa pili ukaja. Kisha Bi Nuru akautoa mkono wake mmoja chini. Akangoja tena. Akautoa wa pili.

Halima alipiga mwayo, kama mtu ambaye hilo si habari kwake.

Hakuna aliyekwenda Majoreni. Yule wifi mwenye mkoba alifuatana nao Mkwiro akakaa mfungo mzima, ili kazi za nyumba ziwe na mtu na Mwanaidi awe na mwenziwe. Sitasema Mwanaidi alipona siku ile, msije mkawadanganya watu. Alikuja kwangu mara nyingi baada ya Idi, na kulikuwa na wiki za kurudi nyuma. Lakini mikono haikurudi nyuma tena.

Siku ile ile, walipokuwa wakiondoka, Bi Nuru alimtanguliza Mwanaidi na mtoto nje, halafu akarudi akasimama kizingitini. Aliutazama mkeka, akaitazama ile kazi yangu mbovu ya ukili, akaifunga vizuri ile leso iliyobaki tupu kifuani.

"Sista," akasema, "nikija baada ya Idi, siku kama ya leo, nitakukuta?"

"Utanikuta, mama. Mwanaidi mlete mapema, kabla benchi halijajaa."

"Mwanaidi ana siku yake," akasema. "Nataka nipewe yangu."